Wimbo wa Kuombwa na Wimbo wa Kununuliwa

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma habari za mpira, za mitihani na za safari za wanafunzi. Leo naomba nafasi niseme juu ya bendi ya shule yetu, maana liko shauri ambalo lisipozungumzwa sasa litakatwa bila sisi kuulizwa. Kamati inayotengeneza Siku ya Wanafunzi wa Zamani imependekeza kwamba mwaka huu kila mtu atakayetaka kupigiwa wimbo fulani alipe kwanza. Wimbo utakaolipiwa zaidi ndio utakaotangulia, na fedha zitakazopatikana zitanunua tarumbeta mbili na ngozi mpya za dramu. Wengi wamelisifu shauri hili. Mimi napiga gitaa la besi katika bendi hiyo, na najua jinsi vyombo vyetu vilivyochakaa. Hata hivyo naona shauri hili si jema, na kwa heshima zote kwa wakubwa wangu nitaeleza kwa nini.

Yafaa nianze kwa kusema kwamba kuomba wimbo si kosa. Wako wenzangu katika bendi wanaotaka maombi yote yakatazwe, watu wanyamaze na kusikiliza. Mimi si mmoja wao. Bendi ya dansi haipigi kwa ajili ya kuta; hupiga kwa ajili ya watu waliokuja kucheza, na mtu aliyekuja kucheza ana haki ya kusema kinachomchezesha. Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutunzwa," na methali hiyo yatuonyesha kwamba tangu zamani mchezaji na mtazamaji wamekuwa na mapatano kati yao. Neno tunalotafuta ni moja tu: mapatano hayo yaweje?

Tutazame kwanza wenzetu wa Unguja na wa pwani ya Tanzania katika taarab yao. Vyama vyao ni vya siku nyingi. Ikhwani Safaa ya Unguja ilianza mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Katika taarab mwanamke huinuka kitini, akavuka ukumbi polepole huku akicheza, fedha mkononi, akamtunza mwimbaji pale pale panapoimbwa maneno yaliyomgusa. Watu wote humtazama, na aghalabu hujua maneno yale yamlenga nani. Pengine yeye mwenyewe ndiye aliyeuomba wimbo ule ili jirani yake ausikie. Hapo kuomba wimbo ni njia ya kusema jambo ambalo kwa mdomo halisemeki, na mwimbaji humsemea mwenziwe bila kugombana na mtu.

Lakini angalieni vizuri fedha zile hutoka wakati gani. Hutoka wimbo ukiwa umekwisha kuanza, nao umempendeza mtoaji. Hiyo ndiyo tuzo. Tuzo ni jibu la moyo baada ya kusikia. Bei ni amri kabla ya kusikia. Ndiyo maana mtu mwenye sarafu moja aweza kutunza kwa fahari kama mwenye noti kumi, kwa kuwa hakuna anayepanga zamu kwa hesabu ya mkono wake. Kamati yetu, kwa nia njema kabisa, inataka kuigeuza tuzo iwe bei.

Bei huzaa nini, tunaweza kuona kwa jirani zetu wa Kongo, ambao katika muziki wa dansi wamekuwa walimu wa Afrika nzima. Bendi ya OK Jazz ya marehemu Franco ilianza mwaka 1956 katika baa moja ya Léopoldville, mji uitwao sasa Kinshasa, na jina lake lilitoka katika baa hiyo. Hakuna kijana apigaye gitaa katika nchi hizi zetu asiyekuwa na deni kwa wapiga gitaa wa mji ule. Lakini huko imeingia desturi iitwayo kwa Kilingala libanga, yaani jiwe: mtu mwenye mali humlipa mwimbaji ili atupe jina lake katikati ya wimbo. Kwanza lilikuwa jina moja mahali pamoja, kama salamu kwa rafiki. Baadaye majina yaliongezeka, hata ziko nyimbo ambazo msikilizaji huhesabu matajiri kuliko beti. Siwalaumu wanamuziki hao, maana wengi wao hula kwa njia hiyo, na mtu mwenye njaa hachagui. Nasema tu kwamba wimbo ukiisha kufunguliwa mlango wa bei, mwenye wimbo hawezi tena kuufunga.

Linganisheni na habari ya Dar es Salaam. Bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, nayo ndiyo iliyobadilika majina ikawa JUWATA, kisha OTTU, na mwisho Msondo Ngoma. Wanamuziki wake waliajiriwa na kulipwa mshahara. Watu waliwatunza, lakini chakula cha nyumbani hakikutegemea tuzo ya usiku mmoja, nao waliweza kukaa chini wakatunga nyimbo zao wenyewe, wakawafundisha watu kuzipenda. Mtu aliyeshiba aweza kusema "subiri kidogo, bwana"; mwenye njaa hawezi. Sasa sisi wa bendi ya shule tunalala hapa, tunakula hapa, vyombo ni vya shule, na hakuna mtoto anayetutegemea. Ikiwa sisi hatuwezi kupiga bila kununuliwa, ni bendi gani itakayoweza?

Wasiopiga vyombo huenda hawajui kwamba ombi moja dogo lina kazi kubwa ndani yake. Mtu husema, "Nipigieni wimbo fulani, ni mwepesi, kila mtu anaujua." Ndiyo, kila mtu anaujua kwa masikio, vidole havijaujua. Lazima mpiga solo ajue mwanzo wake, wapiga tarumbeta wajue mahali pa kuingia na pa kunyamaza, mpiga dramu ajue utakavyomalizika, na mwimbaji awe na maneno yote, siyo kiitikio peke yake. Kisha iko sauti ya kuanzia: wimbo alioimba mwanamke mwenye sauti ya juu hauwezi kuimbwa na kijana wa sauti nzito mpaka ushushwe, na ukishushwa tarumbeta na saksafoni lazima wabadili vidole vyote. Tena midomo ya wapuliza tarumbeta huchoka. Nyimbo tatu za mbio zikifuatana, ya nne hutoka kama mlio wa bata. Kwa hiyo kiongozi mwenye akili hupanga orodha yake kama mtu apangaye mlima na bonde. Huanza taratibu, hupandisha, hupumzisha watu, kisha hupandisha tena. Maombi yakiingia ovyo ovyo, mlima na bonde hupotea, na wachezaji wenyewe huchoka mapema bila kujua sababu.

Mwaka jana tuliyaona hayo kwa macho yetu. Tulikuwa tumejifunza nyimbo 16 muhula mzima, jioni baada ya kazi za shamba. Mbili kati yake zilitungwa na vijana wa kidato cha tatu, na wazazi wa mmoja wao walisafiri tangu alfajiri ili wamsikie. Tulipiga kuanzia saa moja hadi saa tano za usiku. Bwana mmoja mkarimu, aliyefurahi sana kuiona tena shule yake, aliomba wimbo mmoja mara nne, na kila mara alibandika noti juu ya kipaji cha mwimbaji. Wengine nao hawakutaka kushindwa, wakaleta noti zao na nyimbo zao. Saa tano ilipofika tulikuwa tumepiga nyimbo saba tu za orodha yetu, na zile mbili za kidato cha tatu hazikuwamo. Wazazi wale waliondoka na taa yao ya tochi bila kusikia kilichowaleta. Na zile noti za kipajini? Mpaka leo mwimbaji na wapiga vyombo hawajapatana sawasawa juu yake: yeye asema alitunzwa yeye, wao wasema tarumbeta hazikujipuliza. Bendi iliyokaa pamoja miaka mitatu bila ugomvi iligawanywa na usiku mmoja wa ukarimu.

Sisemi hivi ili kumwaibisha yule bwana. Hakuvunja kanuni yoyote, kwa kuwa kanuni haikuwapo. Kosa lilikuwa katika kukosa utaratibu, na shauri la kamati haliondoi kosa hilo. Linaliandika katika karatasi na kulipigia mhuri.

Wako watakaonijibu kwa methali ya Waingereza, kwamba amlipaye mpiga zumari ndiye achaguaye wimbo. Haya, tuifuate methali hiyo mpaka mwisho wake. Aliyemlipa mpiga zumari wetu ni nani? Nyuzi za gitaa hununuliwa kwa karo. Kila mzazi hulipa karo hiyo, hata yule auzaye mbuzi wake wa mwisho ili mtoto arudi shuleni. Basi kwa methali hiyo hiyo, mwenye haki ya kuchagua ni yule mama aliyeketi nyuma ya ukumbi na kitambaa chake kichwani, ambaye hana noti ya kubandika wala hathubutu kupita mbele ya watu. Mwaka jana hakuna aliyemwuliza anapenda nini.

Jambo jingine lanitia hofu zaidi. Shuleni mwetu wamo Waganda, Wasoga, Waacholi, Wanyankole, Walugbara, na ndugu zetu waliotoka Kongo na Sudan Kusini. Kila mmoja apenda wimbo wa kwao, na ni haki yake. Wimbo wa lugha moja waweza kupendwa na wote: Obangaina, alioimba Rachael Magoola pamoja na Afrigo, ni wa Kisoga, na watu wasiojua neno moja la Kisoga huucheza. Lakini zamu zikinunuliwa, kitakachofuata ni mnada wa lugha. Watu wa upande huu watachanga ili wa upande ule wasisikike, na ukumbi ambao Afrigo, tangu mwaka 1975, ingeujaza watu wa kila kabila wakicheza pamoja, sisi tutaugawa kwa noti. Shule hii imejitahidi miaka mingi kutufanya ndugu; tusiharibu kazi hiyo kwa ajili ya tarumbeta mbili.

Basi wengine hufanyaje? Tusidhani sisi ndio wa kwanza kuona taabu hii. Mwaka 1786 huko Vienna, mchezo wa kuimbwa wa Mozart uitwao Le nozze di Figaro ulipoonyeshwa, watu walipiga makofi na kutaka nyimbo zirudiwe, moja baada ya moja, mpaka mchezo ukawa mrefu mno. Kaisari Joseph II akatoa amri kwamba nyimbo za watu wengi pamoja zisirudiwe. Za mtu mmoja ziliweza kurudiwa. Hakukataza furaha, aliiwekea mpaka. Huko Marekani, Bruce Springsteen katika safari zake za mwaka 2009 alikusanya mabango ambayo watu waliyaandika majina ya nyimbo, akachagua machache na kuyaonyesha kwa bendi. Mengine yote ya usiku yalibaki mikononi mwake. Elvis Costello, Mwingereza, mwaka 1986 alisimamisha jukwaani gurudumu kubwa lililoandikwa majina ya nyimbo. Mtazamaji aliitwa akalizungusha, na wimbo uliosimama ndio uliopigwa. Hata tajiri hawezi kulihonga gurudumu. Na bendi ya Metallica mwaka 2014 iliwapa watu walionunua tiketi kura ya kuchagua nyimbo kabla ya siku yenyewe, nayo ikapata nafasi ya kujitayarisha. Katika mifano yote hii bendi husikiliza watu, lakini haiachi usukani.

Kwa hiyo nami naleta shauri langu, lenye mambo matano.

Kwanza, usiku ugawanywe sehemu tatu. Sehemu ya kwanza na ya tatu ziwe za orodha ya bendi, na ya katikati iwe ya maombi peke yake. Nyimbo zilizotungwa na wanafunzi ziwekwe katika sehemu ya kwanza, wazazi na watoto wakiwa bado macho.

Pili, orodha ya nyimbo zote tunazozijua ibandikwe mlangoni, na chini yake liwekwe sanduku na penseli. Kila mtu aandike ombi moja katika karatasi moja: mgeni wa heshima, mwanafunzi wa kidato cha kwanza, dereva wa lori la shule, hata wapishi wetu. Kiranja azitoe karatasi bila kuangalia, kama kura. Najua mpishi mmoja, mama wa makamo, ambaye miaka yote husikiliza bendi kutoka mlango wa jikoni huku akisugua masufuria. Hajapata kuomba wimbo hata siku moja. Penseli ile itamtosha.

Tatu, wanafunzi wa zamani walio mbali watuandikie mapema, kabla ya mwisho wa mwezi ujao, nyimbo walizocheza walipokuwa hapa. Tatu zitakazotajwa na wengi tutajifunza vizuri, na siku hiyo tutazipiga kama zinavyostahili. Kaka zetu, hili ni kwa faida yenu hasa. Wimbo mliokumbuka miaka 20 haufai kupigwa kwa kubahatisha na vijana ambao walikuwa hawajazaliwa ulipotoka.

Nne, wimbo wowote urudiwe mara moja tu, hata ukipendwa namna gani. Na kiongozi wa bendi awe na ruhusa ya kukataa ombi, lakini akatae kwa maneno ya adabu. Asiseme "hatuujui" kisha ageuke. Aseme, "Bwana mkubwa, huo bado hatujajifunza, ila tunao ndugu yake, tafadhali usikilize," kisha apige wenye mwendo ule ule. Mtu aliyejibiwa hivyo hatoki na hasira. Na wimbo wenye maneno yasiyofaa mbele ya wazazi ukataliwe bila maelezo marefu.

Tano, tuzo ziendelee, wala pasiwe na wa kuzikataza. Lakini zitiwe katika kapu mbele ya jukwaa, siyo kipajini pa mtu, na kapu liwepo usiku kucha, kila mtu atoe alipofurahi. Zihesabiwe usiku ule ule mbele ya mwalimu wa muziki na wanafunzi wawili, na jumla itangazwe Jumatatu asubuhi wanafunzi wote wakiwa wamekusanyika. Fedha zote zinunue vyombo.

Nitaulizwa: je, kapu litaleta fedha nyingi kama mnada? Huenda halitaleta. Sitawadanganya wasomaji kwamba njia ya haki siku zote ndiyo yenye faida kubwa mfukoni. Huenda tukapata tarumbeta moja badala ya mbili, na mpuliza tarumbeta wa pili akaendelea mwaka mwingine na ile iliyofungwa kwa uzi. Mimi nimemwuliza. Akanijibu kwamba afadhali kupuliza tarumbeta mbovu katika wimbo wake mwenyewe kuliko kupuliza mpya katika wimbo mmoja mara nne.

Tena tukumbuke kwamba sisi ni shule. Vijana wa kidato cha kwanza wanaokaa mbele ya jukwaa wakitazama vidole vyetu ndio watakaoshika vyombo hivi sisi tukiisha kwenda. Watajifunza kwetu zaidi ya nyimbo. Wakiona kwamba mwenye noti husikilizwa kwanza, na mwenye kutunga hungoja mpaka taa zizimwe, watalichukua somo hilo kwenda nalo katika ofisi, katika mahakama na katika hospitali watakazofanyia kazi, ambako nako watu hukaa foleni na wengine hupenya kwa bahasha. Si neno dogo kuanza kuwafundisha zamu wakiwa na miaka kumi na minne.

Kamati itakutana tena kabla ya muhula kwisha. Naomba ilete shauri lake na langu mbele ya wanabendi wote, na mbele ya viranja, lipigiwe kura. Wenye maoni mengine na waandike katika toleo lijalo. Nami nikionyeshwa njia iliyo bora kuliko hii nitaifuata. Wakati huo, kaka zetu mlio mbali, msisahau barua zenu. Sanduku la posta la shule ni lile lile, na mpiga besi ndiye atakayezifungua.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita